UZI: Mnunuzi wa vitu vya kale akibisha mlangoni (kwa familia za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi)

MWANZISHA UZI

Salamu kwenu nyote. Wazee waliofanya kazi Union Minière, ile kampuni ya migodi ya shaba, walioendesha treni za kampuni ya reli ya BCK, walioandika vitabu vya hesabu Élisabethville kabla mji haujaitwa Lubumbashi mwaka 1966, wanatutoka. Matanga yakiisha, familia inabaki na lupango, yaani kiwanja na nyumba yake, na masanduku. Haupiti muda mtu anabisha: "Nimesikia mzee alikuwa na vitu vya zamani, mimi nanunua." Anakaribishwa, anapewa maji, anapitisha macho, na kabla jua halijazama mfuko wake umejaa. Watoto wanagawana makuta ya kununua unga na kumshukuru.

Sina ugomvi na biashara hii. Wanunuzi waaminifu wapo, na familia ina haki ya kuuza kilicho chake. Kinachoniuma ni watu kuuza bila kujua wanauza nini, na mara nyingine kuuza kisichouzwa. Nimekaa upande wa familia katika mauzo kadhaa hapa mjini, kwa hiyo naeleza ninavyoijua kazi hii. Ulizeni, nitajibu.

Kwanza hili: mnunuzi mtaalamu analipia ushahidi. Chukua kigoda cha Kiluba. Kikija mtupu, bila maelezo, atakitazama kama kazi ya fundi aliyechonga juzi na kukifukiza moshi kipate weusi, maana soko limejaa kazi za namna hiyo. Kikija na picha ya babu akiwa amekikalia, barua ya misheni inayokitaja, jina la kijiji na la ukoo kilikotoka, bei inaanza kuzungumzwa mahali pengine kabisa. Na ushahidi huo uko wapi? Uko kichwani mwa mama zetu wakubwa, na kwenye bahasha tunazochoma siku ya kufagia nyumba ya marehemu.

Kwa hiyo msifagie kwanza. Barua, risiti, kadi ya kazi, picha yenye maandishi nyuma, hata gazeti lililofungia kitu, vyote viwekwe pamoja. Mketisheni shangazi aliyebaki, mumrekodi kwa simu: kitu hiki kilitoka wapi, nani alikileta, mwaka gani, kilitumika kwa kazi gani. Fanyeni hivyo kabla ya mnunuzi wa kwanza kuvuka mlango. Maelezo yaliyoandikwa baada ya mtu kutaja bei yananuka bei, na wataalamu wanayanusa.

Halafu, kwa heshima yote, acheni kung'arisha! Shaba iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu, sarafu iliyopigwa brashi, sanamu iliyopakwa rangi ya viatu ipendeze: hapo thamani imeondoka na haitarudi. Ule weusi, ule utando wa kijani, ile sehemu iliyolainika kwa kushikwa mikono ya watu miaka na miaka, hivyo ndivyo vitu mtaalamu anavyovitafuta kwa kioo cha kukuzia. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu, basi.

MCHANGIAJI, KATUBA

Yaya, aksanti sana. Kwetu iko misalaba mbili ya shaba, moja nzito kabisa. Baba alisema ni ya babu yake. Jirani mwenye kununua vyuma chakavu anataka kuipima kwa kilo. Tumpe ao tusimpe?

MWANZISHA UZI

Msimpe, ndugu yangu. Hiyo ni fedha ya wazee wetu. Misalaba ya aina hiyo ilikuwa ikimiminwa huku kwetu kwenye mkanda wa shaba, na ikasafiri mbali. Waakiolojia waliochimba Sanga, kwenye bonde la Upemba, mwaka 1957 na 1958, waliikuta makaburini pamoja na marehemu, mingine midogo sana, mingine mikubwa. Ilitumika kununulia, kulipia mahari, kuhifadhia mali, hadi karne ya 19. Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alipotangaza jimbo hilo kuwa nchi tarehe 11 Julai 1960, misalaba mitatu ikawekwa kwenye bendera, na sarafu za Katanga za mwaka 1961, za faranga 1 na faranga 5, zina msalaba huo upande mmoja na ndizi upande mwingine.

Bei ya kilo haihusiki hapa. Lakini pia msitegemee utajiri: misalaba mikubwa ya karne ya 19 iko mingi duniani, na ya bandia inamiminwa hadi leo. Ipimeni uzito, ipigeni picha pande zote mbili na rula ikiwa pembeni, muandike maneno ya baba yenu. Msalaba wenye jina la familia na kijiji una mnunuzi anayeutafuta. Usio na jina unawekwa kwenye kapu pamoja na mingine.

Na niulize kwa upole: ilitoka mkononi mwa babu, au kuna mtu aliyeitoa ardhini? Kama ilichimbwa, hadithi ni nyingine kabisa. Nitaifikia hapa chini.

MCHANGIAJI, KAMALONDO

Sisi tuna mchoro wa mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, ulioning'inia sebuleni tangu nikiwa mtoto. Umepasuka pembeni. Na mwingine wa "Colonie belge", askari anachapa mfungwa mbele ya mzungu. Mtu amekuja anasema ni michoro ya mtaani, haina kitu, lakini atatusaidia kuiondoa.

MWANZISHA UZI

Mtu anayejitolea kuwaondolea kitu kisicho na kitu, mtazameni mara mbili.

Michoro hiyo ndiyo historia ya Lubumbashi. Miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa nayo sebuleni: mamba muntu, Colonie belge, simba, Lumumba. Wachoraji waliipitisha nyumba kwa nyumba, wengi wakichora juu ya kitambaa cha gunia la unga. Mmoja wao, Tshibumba Kanda-Matulu, alichora historia nzima ya Zaïre kwa mfululizo wa picha zaidi ya 100, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian akazikusanya pamoja na maneno ya mchoraji mwenyewe. Leo kazi zake zinaonyeshwa kwenye makumbusho. Tazameni pembeni ya mchoro kama kuna sahihi, mbele na nyuma. Geuzeni muone kitambaa: maandishi ya kampuni ya unga yakionekana, mpige picha, maana hata hayo yanasaidia kujua umri.

Kuna tabaka jingine la zamani zaidi. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji hapa Élisabethville, na humo wakatoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Bela Sara aliyechora kwa vidole, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi iliyojaza ukurasa wote. Alipokufa mwaka 1954 wanafunzi waliendelea. Kazi zao zinauzwa kwenye minada ya Ulaya, na mwaka 2015 zilitundikwa Paris kwenye maonyesho makubwa ya Fondation Cartier kuhusu sanaa ya Kongo. Nyingi zilichorwa kwenye karatasi au kadibodi, zikanunuliwa kama zawadi. Zinaweza kuwa nyuma ya kabati la mtu yeyote aliyefanya kazi kwa Wabelgiji. Lakini nazo zinaghushiwa sana, kwa hiyo historia ya mahali mchoro ulipotoka ina uzito kuliko sahihi yenyewe.

Ule mpasuko, msiubandike kwa gundi wala plasta. Aachiwe mtaalamu, au ubaki ulivyo.

MCHANGIAJI, MFANYABIASHARA WA VITU VYA KALE

Niruhusiwe kusema kidogo, maana ni kazi yangu na hapa tunaonekana wezi. Watu wanaona kitu nimekinunua dola 100 kikauzwa Ulaya dola 400, wanalia. Hawaoni kwamba kati ya vitu kumi nilivyonunua, vingine ni bandia na vitakufa mkononi mwangu. Hawaoni kwamba kitu kinaweza kukaa miaka bila mteja. Kuna anayeninunulia, kuna aliye juu yake mwenye duka Brussels pale Sablon, analipa pango kubwa, analipa meza kwenye maonyesho, analipa maabara ipime mti au shaba. Kila mmoja anakula kidogo. Na sasa Umoja wa Ulaya umeleta sheria mpya ya kuingiza mali za utamaduni, imeanza kutumika kikamilifu Juni 2025. Mwenye duka hataki kitu kisicho na karatasi, hata kiwe kizuri namna gani. Mkiniletea kitu chenye picha ya zamani na maelezo, nitalipa zaidi na nitafurahi, maana nami nitauza haraka.

MWANZISHA UZI

Nashukuru sana kwa kusema wazi, papa. Kila neno ni kweli, na ningependa familia zilisome hilo la mwisho tena. Mwenye duka akilipa theluthi au nusu ya bei atakayouzia, huo si wizi, ndiyo biashara yenyewe ilivyo. Wizi ni kumwambia mjane kwamba kitu hakina thamani huku unajua kinayo.

Basi nieleze meza ya mazungumzo inavyokwenda, maana hapo ndipo familia hupoteza zaidi. Mnunuzi mzoefu haangalii kile anachokitaka. Ataulizia redio ya zamani, atasifu vikapu, ataweka bei nzuri ya redio hadi mshangae. Akiwa ameshainuka, mkono mlangoni, atasema: "Haya, niongezeeni na ule ubao pale, ujaze mfuko." Ule ubao ndio uliomleta. Dawa yake ni moja: kila kitu kiwe na bei yake, kiandikwe peke yake kwenye karatasi. Asikubaliwe kununua kwa jumla, na asikubaliwe kuongezewa kitu cha bure. Mkitaja bei ya ubao peke yake mtaona uso wake.

Jambo la pili, atawauliza: "Mnataka ngapi?" Msitaje. Mkitaja chini, atakubali haraka na mtabaki mkijiuliza. Mkitaja juu kwa kukisia, ataondoka, na wenzake watasikia kwamba familia ile ina wazimu. Mwambieni aweke bei yake, mwandike, mwambieni wapo wengine wanaokuja. Familia isiyo na haraka huheshimiwa. Kama kuna deni la hospitali au ada ya shule linawabana, lisitajwe mezani.

Wengine hao mnawapata wapi? Picha nzuri za mchana, mbele, nyuma, chini, na vipimo, zinatosha kuanzia. Nyumba kubwa za mnada kama Christie's na Sotheby's hupokea picha kwa mtandao na kutoa makadirio bila malipo, na hata wakikataa kitu mmejifunza. Maduka ya Brussels na Paris yana anwani za barua pepe. Mnaweza pia kutafuta matokeo ya minada iliyopita, lakini muwe makini: bei ambayo mtu ameandika kwenye tangazo la intaneti ni ndoto yake. Ya kuangalia ni bei ambayo kitu kiliuzwa kweli. Na hata hiyo, ondoeni ada ya nyumba ya mnada, usafiri, na mtu wa kati, ndipo mjue ninyi mko wapi.

MCHANGIAJI, LIKASI

Mimi sikubaliani na uzi huu wote. Mnafundisha watu kuuza mababu zao kwa bei nzuri. Makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji yamejaa vitu vyetu, tunalia virudishwe, na hapa tunapanga namna ya kutoa vilivyobaki!

MWANZISHA UZI

Uchungu wako ni wangu, na ndiyo maana nilisema kuna kisichouzwa. Acha niseme yote bila kuficha.

Nchi yetu ina sheria ya mwaka 1971, Ordonnance-loi 71-016 ya tarehe 15 Machi, inayolinda mali za utamaduni. Inahusu uchimbaji na ugunduzi wa vitu vya kale ardhini, na inahusu kuvitoa nje ya nchi. Mwaka 1974 tukaingia pia katika mkataba wa UNESCO wa 1970 unaopinga biashara haramu ya mali hizo. Kwa hiyo kitu kilichochimbwa kaburini, iwe Upemba au kwingineko, hakina mwenye haki ya kukiuza. Anayekinunua anajua. Mtu akichimba kaburi moja kutafuta msalaba, anaharibu vyungu, mifupa, mpangilio wote, na hakuna mtaalamu atakayeweza tena kutuambia watu wale waliishi vipi. Hiyo ni maktaba yetu inachanwa kurasa.

Vitu vya ukoo navyo si vya mtoto mmoja. Kama mzee alikuwa mtunzaji wa lukasa, ule ubao wa shanga ambao watu wa Mbudye, chama cha watunza kumbukumbu, walisomea historia ya ufalme wa Kiluba kwa kuugusa kwa vidole, yeye aliutunza kwa niaba ya wengine. Hivyo hivyo sanamu za wahenga za Kihemba, fimbo za uchifu, vigoda vya kutawazia. Mtoto wa marehemu amerithi nyumba na viti. Hajarithi kitu cha ukoo. Kikao cha wazee kiitwe, hata kama wako Kabongo au Kongolo na nauli ni ghali. Ninajua familia zilizovunjika kabisa kwa sababu kijana mmoja wa mjini aliuza usiku.

Pembe za ndovu, ngozi ya chui, meno yake: msiguse. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku na uamuzi wa mwaka 1989, na chui analindwa kwa kiwango kilekile. Hata kiwe cha babu, njiani kitawaletea polisi.

Lakini ndugu wa Likasi, si kila kilichomo sandukuni ni babu. Taa ya reli, medali ya miaka ya kazi, kadi ya posta ya Avenue fulani, sarafu, mchoro ambao mzee aliununua mwenyewe kwa mshahara wake: hivyo ni mali ya mtu, na mjane akiviuza asomeshe wajukuu simlaumu. Nataka auze akijua. Na kabla ya kuuza, apite Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi awaonyeshe. Pengine wataomba kupiga picha tu, pengine watasema hiki kisitoke nchini. Kuhusu karatasi za kusafirisha, nao ndio wa kuulizwa kwanza, kwa sababu makumbusho hayo yako chini ya Institut des Musées Nationaux, taasisi ya makumbusho ya taifa.

MCHANGIAJI, RUASHI

Kuna mtu anataka kuchukua kinyago cha Kisongye cha marehemu mjomba, akipeleke Brussels, kikiuzwa aturudishie nusu. Anaonekana mtu mzuri, anasali na sisi.

MWANZISHA UZI

Kuuza kwa niaba si kubaya, wataalamu wengi hufanya hivyo. Ubaya uko kwenye mkono mtupu. Kabla kitu hakijatoka lupangoni, pawe na karatasi mbili zenye sahihi, moja yenu moja yake: maelezo ya kitu na vipimo, picha iliyobandikwa, bei ya chini ambayo hakitauzwa pungufu yake, sehemu yake ni ngapi kwa mia, nani analipa usafiri, na tarehe ambayo kisipouzwa kitarudi. Nakala ya kitambulisho chake. Mashahidi wawili, mmoja awe mtu anayemheshimu. Mtu mzuri atasaini bila kununa. Na hasa kwa kinyago: kama kilikuwa cha chama cha kifwebe, chama cha jadi cha wavaa vinyago, rudini kwenye maneno ya kikao cha wazee hapo juu. Nusu ya kitu ambacho si chenu ni deni.

Na karatasi ya kutoka nchini aipate kwanza, muione kwa macho yenu. Akisema atakipitisha mpakani Kasumbalesa ndani ya magunia, mazungumzo yaishie hapo.

MCHANGIAJI, KOLWEZI

Na stempu? Baba yangu alikuwa na vitabu vitatu vimejaa, na kopo la sarafu. Pia sanduku la picha ambalo hakuna anayejua ni nani waliomo.

MWANZISHA UZI

Stempu nyingi za Kongo belge na za Katanga ni za bei ndogo, nisikudanganye. Hata zile za Kongo belge zilizogongwa muhuri KATANGA mwaka 1960, zilichapwa nyingi, wakusanyaji wa dunia walizinunua nyingi. Kilicho adimu ni bahasha nzima: stempu, mhuri wa posta wenye tarehe na mji, anwani. Bahasha iliyopita kwa ndege kutoka Élisabethville wakati wa vita vya 1961 inavutia kuliko ukurasa mzima wa stempu zilizobanduliwa. Basi usibandue hata moja.

Kwenye kopo, tafuta sarafu za shaba zenye tundu katikati na nyota, za État Indépendant du Congo, nchi ya mfalme Léopold II kabla ya Kongo belge, kuanzia 1887, na za fedha zenye uso wa Léopold II za wakati huohuo. Ukikuta sarafu ya pembe sita yenye tembo, hiyo ni faranga 2 ya mwaka 1943, iliyopigwa Philadelphia wakati wa vita. Inapendwa lakini si adimu. Tembo wa faranga 50 wa 1944, wa fedha, ana bei zaidi. Noti za Zaïre za Mobutu, hata ile ya milioni tano, kwa kawaida hazina bei ya maana. Watunzie watoto waone.

Picha ndizo ningeanza nazo. Wasanii na watafiti wanatafuta picha za zamani za mji huu na za migodi. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, amefanya kazi kubwa inayojulikana duniani kwa kutumia picha za kumbukumbu za Union Minière. Picha isiyo na jina ni karatasi tu mbele ya mnunuzi. Nenda nazo kwa mzee yeyote aliyefanya kazi na baba, mpe moja moja mkononi, uandike anachosema nyuma kwa kalamu ya risasi, kalamu ya wino itapenya mbele. Zipige picha zote kwa simu kabla hazijatoka nyumbani. Ukimaliza, weka hapa chache usizoweza kutambua, bila anwani yenu. Wapo humu watu wa Kolwezi wenye umri kunizidi.